Barua ya wazi kwa warusha vishale wanaotaka kushika kipaza sauti

Wanangu,

Wengi wenu mnadhani kibanda cha utangazaji ni kiinua mgongo cha bingwa aliyestaafu na vikombe vyake. Tazameni mashindano ya dunia ya PDC, shirika la warusha vishale wa kulipwa, ya 2008. Wayne Mardle wa Uingereza alimtoa Phil Taylor, bingwa wa dunia wa mara nyingi, robo fainali kwa seti 5-4, na Taylor akakosa fainali hiyo kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze 1994. Nusu fainali Mardle akafungwa na Kirk Shepherd. Fainali, John Part wa Kanada akamchapa Shepherd 7-2 na kutwaa taji lake la tatu la dunia. Part ana mataji matatu, Mardle hana hata moja, na wote wawili wamekuwa watangazaji wa kuaminika. Kinachowaweka pale, kwa maoni yangu, ni kujua kishale kinakwenda wapi kabla hakijatoka mkononi.

Hilo halitokani na kipaji peke yake. Mchezaji huanza na alama 501, huzipunguza hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie dabo, yaani sehemu inayozidisha alama mara mbili; tripo huzidisha mara tatu. Chukueni alama 81 zilizobaki, vishale vitatu mkononi. Kwa nini mchezaji analenga tripo 19? Ikiingia, zinabaki 24, yaani dabo 12. Akipata 19 tupu zinabaki 62: tripo 10, dabo 16. Akiteleza kwenye 7 zinabaki 74: tripo 14, dabo 16. Akiteleza kwenye 3 zinabaki 78: tripo 18, dabo 12. Kila kosa la jirani bado lina njia ya vishale viwili. Mtazamaji akielezwa hivyo, tena kwa sentensi moja, anaanza kuuona ubao kwa macho ya mrushaji.

Nyuma ya kamera kuna mtu anayemnong'oneza mwongozaji shabaha inayofuata, ili picha ivutwe karibu mapema. Kazi hiyo hupewa watu waliocheza, na ni mlango mzuri wa kuingilia. Ukisema tripo 20 naye akaenda 19, kishale kinatua nje ya picha. Basi someni pia mwili: kishale cha kwanza kikilala na kuziba tripo 20, mchezaji husogea pembeni kidogo au huhamia 19. Miguu husema mapema kuliko mkono.

Mkishajua, nyamazeni. Kishale cha tatu kikiondoka, sauti ni ya mwamuzi anayetaja alama. Januari 2023, fainali ya dunia, Michael van Gerwen alikosa dabo 12 kwa kishale chake cha tisa. Michael Smith akasimama na 141 katika legi hiyohiyo, yaani mzunguko mmoja wa kutoka 501 hadi sifuri: tripo 20, tripo 19, dabo 12. Akamaliza kwa vishale tisa, idadi ndogo kabisa inayowezekana, na Mardle akapiga kelele hadi maneno yakamkwama. Ile furaha ilikuwa na nafasi kwa sababu hakuna aliyekuwa bado anapiga hesabu.

Na wastani wa alama kwa kila vishale vitatu, tafadhali, msiutupe hewani kama hukumu. Legi ya 501 kwa vishale 15 ni wastani wa 100.2; poteza zamu moja tu kwenye dabo, ukamaliza kwa 18, unashuka hadi 83.5. Mkono wa kukusanya alama ni uleule. Asiyeeleza hivyo anamsingizia mchezaji kuwa amechoka.

Mazoezi ni haya. Jueni kwa moyo kila njia ya kumalizia kuanzia 170 kushuka, na zile zisizomalizika kwa zamu moja: 169, 168, 166, 165, 163, 162 na 159. Kisha fungeni sauti ya mechi iliyorekodiwa, mtangaze legi kumi mfululizo na kujirekodi. Mkisikiliza, hesabuni ni mara ngapi mlitaja shabaha baada ya kishale kutua. Rudieni legi hizohizo kesho yake.