Hoja ya kizazi, kutoka vilima vya theluji hadi Mkwakwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie habari fupi mliyoichapa kwenye ukurasa wa michezo, ile ya wanawake wanaoruka kwa skii, yaani vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji, huko Ulaya, ambayo iliwachekesha sana wasomaji wenzangu kwenye meza ya magazeti karibu na Bustani ya Uhuru. Mzee mmoja aliuliza theluji inatuhusu nini sisi wa Tanga, ambao hata barafu ya kununua Ngamiani huyeyuka kabla hatujafika nayo nyumbani. Nilicheka pamoja nao, kwa kuwa swali lenyewe lilikuwa tamu, lakini nilipoisoma tena habari ile jioni niliona kwamba mwandishi wenu ameacha nje jambo ambalo lingemnyamazisha mzee wetu.

Jambo hilo ni sababu ya wanawake hao kuchelewa kuingia Olimpiki. Kuruka kwa skii kumekuwamo katika Olimpiki ya Majira ya Baridi tangu michezo ya kwanza ya Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, lakini wanawake walifunguliwa mlango Sochi mwaka 2014, miaka 90 baadaye, ambapo Carina Vogt wa Ujerumani alitwaa dhahabu ya kwanza. Kwa miongo mingi walikuwa wakiambiwa kwamba kishindo cha kutua kingewaharibu kizazi, na hata mwaka 2005 rais wa Shirikisho la Kimataifa la Skii wa wakati huo, Gian-Franco Kasper, alisema hadharani kwamba kwa upande wa kitabibu mchezo huo hauelekei kuwafaa wanawake. Ukiuangalia mchezo wenyewe, hoja hiyo haina miguu. Mrukaji huteremka kwa kasi ya karibu kilomita 90 kwa saa, hupaa mita mia moja hivi kwenye kilima cha kawaida, kisha hutua kwenye mteremko uliochongwa kufuata mwelekeo wa anguko lake, na mteremko huo ndio unaomeza sehemu kubwa ya kishindo. Wangekuwa wanatua mahali tambarare, wangevunjika wote, mwanamume kwa mwanamke.

Nimeikazania hoja ya kizazi kwa sababu naifahamu kwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa msichana wa sekondari, nilipenda miruko mitatu kuliko mchezo mwingine wowote, hadi mwalimu mmoja alipokuja nyumbani kumwonya mama kwamba naharibu uzazi wangu mchangani. Mama, Mungu amrehemu, hakuwa na sababu ya kumtilia shaka mtu aliyesoma, na nikahamishiwa mpira wa pete. Miruko mitatu ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1996, Atlanta, wakati mimi mwenyewe nikiwa mwalimu na mama wa watoto watatu. (Baadaye waliongezeka wawili, kizazi chenyewe hakikupata habari kwamba kimeharibika.)

Wanawake wa skii hawakukaa kimya kama nilivyokaa mimi. Kabla ya Olimpiki ya Vancouver ya mwaka 2010, warukaji kadhaa walifungua kesi huko Kanada, akiwemo Mmarekani Lindsey Van, bingwa wa kwanza wa dunia kwa wanawake, ambaye wakati huo alikuwa anashikilia rekodi ya kilima kilekile walichokatazwa kukirukia. Julai 2009 jaji wa Mahakama Kuu ya British Columbia alikubali kwamba wanawake hao wanabaguliwa, kisha akaamua kwamba sheria ya haki za raia ya Kanada haiwezi kuifunga Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Walishinda kwa maneno, na mlango ukabaki umefungwa.

Zaidi ya hayo, Mhariri, hoja ya kizazi ilipochakaa haikuachwa wazi nafasi yake. Upo mchezo unaounganisha kuruka na mbio za skii kwa siku moja, nao pia ni wa tangu 1924. Wanawake wana Kombe la Dunia la mchezo huo, yaani mfululizo wa mashindano ya kila msimu, tangu Desemba 2020, na mwaka uliofuata walipata ubingwa wa dunia. Hata hivyo, Juni 2022 Kamati ya Olimpiki iliamua wasiingizwe kwenye michezo ya 2026, ikieleza kwamba nchi zinazoshiriki ni chache na watazamaji hawatoshi, ingawa wanaume, ambao kamati hiyo hiyo iliwalalamikia kwa uhaba wa watazamaji, waliachiwa nafasi yao. Nani atawekeza fedha kwa binti ambaye hana michezo mikubwa ya kulenga? Wanakuwa wachache kwa kuwa wamezuiwa, kisha wanazuiwa kwa kuwa ni wachache. Sentensi hiyo nimeisikia kwa Kiswahili safi kila nilipoomba viatu vya timu ya wasichana.

Nisiwe mchoyo wa sifa mahali zinapostahili, kwani katika mbio za skii za kushuka mlima zawadi za Kombe la Dunia ni sawa kwa wanaume na wanawake, na katika mbio ndefu za skii umbali ulisawazishwa kuanzia msimu wa 2022/23, wanawake nao wakakimbia kilomita 50 badala ya kuishia 30. Lakini kwa warukaji hali ni nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2024 Selina Freitag wa Ujerumani aliongoza raundi ya mchujo huko Garmisch-Partenkirchen akapewa sabuni ya kuogea, shampuu na taulo nne ndogo za mikono, wakati mwanamume aliyeongoza mchujo wa namna hiyo alikuwa anaondoka na faranga 3,000 za Uswisi.

Kuna kisa kingine kinachowahusu moja kwa moja ninyi waandishi. Mikaela Shiffrin wa Marekani, ambaye Februari 2025 alifikisha ushindi wa 100 wa Kombe la Dunia, idadi ambayo hakuna mwanamume wala mwanamke mwingine aliyeifikia katika mbio za kushuka mlima, alishinda huko Kronplatz, Italia, Januari 2023, na mara baada ya kushinda alisema kwenye televisheni kwamba amechoka kwa sababu yuko katika kipindi kigumu cha mwezi wake. Mkalimani wa televisheni ya Austria, kwa kuwa neno la Kiingereza la mzunguko linafanana na la baiskeli, aliwaeleza watazamaji kwamba bingwa hapati muda wa kuendesha baiskeli. Sisi wa Tanga, ambao baiskeli ni miguu yetu ya pili, tungeweza kulisamehe kosa hilo. Mimi nimelisoma kwa sura nyingine katika kurasa zetu: mchezaji aliyekuwa katika siku zake huandikwa kuwa alikuwa na malaria au hakujituma. Katika miaka yangu ya kufundisha, wasichana walioitwa wavivu walikuwa mara nyingi wale wasio na taulo za kike, waliopewa kaptura nyeupe na mtu ambaye hakuwahi kuwauliza lolote.

Kwa mzee wetu wa meza ya magazeti ninaongeza jina moja, Sabrina Simader. Binti huyu alizaliwa Kilifi, mji ambao mtu akitoka Tanga alfajiri na kuvuka mpaka wa Horohoro anaufikia kabla ya jua kuzama. Akalelewa Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya PyeongChang, akiwa Mkenya wa kwanza kushindana katika skii za kushuka mlima kwenye michezo hiyo. Pwani yetu hii hii imeshapeleka mtu kwenye theluji, na ni mwanamke.

Ombi langu ni dogo. Mlipoandika mashindano ya shule yaliyofanyika hapa Tanga katika uwanja wa Mkwakwani, wavulana walitajwa kwa majina, shule na muda waliokimbia, lakini mshindi wa mita 800 kwa wasichana aliandikwa kuwa ni "binti kutoka Pangani". Nilikuwapo nikishika saa. Jina lake, shule yake na muda wake nimeviandika katika daftari langu, pamoja na wa pili na wa tatu, na nitamkabidhi mwandishi wenu siku yoyote atakayopita Makorora.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa michezo,
Makorora, Tanga.