Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha nawaachia mweka hazina; niseme tu kwamba hatudaiwi. Vikao vilifanyika vyote isipokuwa kimoja, na kosa lilikuwa langu: nilisahau kuwaarifu wenye ukumbi.

Sehemu kubwa ya mwaka tulifuatilia maisha ya kazi ya Gary Gygax, mtunzi wa michezo wa Marekani, kwa kuwa wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kama kutunga michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kunaweza kumlisha mtu. Tulikutana na baba aliyepoteza kazi ya bima mwaka 1970, akawa anatengeneza viatu kwenye chumba cha chini ya nyumba yake huko Lake Geneva, Wisconsin, huku akiandika kanuni za vita vya mezani. Mwaka 1973 yeye na rafiki yake Don Kaye wakaanzisha kampuni ya michezo, TSR, na mwaka uliofuata ukatoka mchezo wa Dungeons & Dragons: vijitabu 3 ndani ya boksi, seti 1,000, zikipangwa kwa mkono nyumbani. Kaye hakuuona utajiri ulioletwa na mchezo huo. Alifariki mapema mwaka 1975.

Kikao cha tatu ndicho kilichochemka. Vijitabu vile vina majina mawili, na la pili ni la Dave Arneson wa Minnesota. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor, ambako mchezaji haongozi jeshi bali anamshika mhusika mmoja, naye hukomaa kadiri anavyopita hatari na kurudi hai. Arneson alileta mchezo na kurasa za madondoo; Gygax akazikuza zikawa kitabu. Sasa nani mtunzi? Nusu yenu mlisema ni aliyeandika, nusu mkasema bila Blackmoor hapakuwa na cha kuandika. Wenyewe walifikishana mahakamani. Matoleo mapya ya mchezo huo yaliyoitwa Advanced, yaliyoanza mwaka 1977, yalibeba jina la Gygax peke yake. Arneson akashtaki mwaka 1979, na wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1981.

Kwa maoni yangu kila mmoja alikuwa na haki yake, na ndiyo maana karatasi ya makubaliano ingewasaidia mapema. Nasema hivi nikiwa na uchungu wa karibu. Mwaka huu wanachama wetu wawili walichora ramani ya handaki moja la mchezo kwa usiku mmoja, na hadi leo hawaelewani jina la nani litangulie. Nilijaribu kuwapatanisha, nikaharibu zaidi. Wamo humu ukumbini, wamekaa mbalimbali.

Gygax naye hakusalimika. Mwaka 1985 kampuni ilimponyoka, kwa sababu kwenye kura huhesabiwa hisa, hakihesabiwi kitabu. Aliondoka mwaka uliofuata, lakini kalamu hakuiweka chini mpaka alipofariki mwaka 2008.

Kwa hiyo kamati imeandaa fomu ya makubaliano ya ukurasa mmoja: nani kaandika nini, majina yatafuatana vipi, mrabaha utagawanywaje, na toleo jipya likija aliyekuwemo mwanzo atapata nini. Kipengele hicho cha mwisho kilitula vikao viwili, na bado sijaridhika nacho. Mwenye maneno bora zaidi ayalete.

Fomu ziko mezani, kando ya sanduku la dadu. Aliyechukua ile dadu ya buluu ya pande 20 airudishe pia.