Malalamiko Kuhusu Nambari ya Simu Mliyoniuzia Ilhali Bado Inatafutwa kwa Jina la Mtu Mwingine

Mkomani,
Lamu.

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Bwana au Bibi Meneja,

Mimi ni mwajiriwa wa nyumba moja ya wageni hapa mtaa wa Mkomani, nikishughulikia mapokezi na safari za wageni wetu. Nilipoanza kazi hiyo nilinunua laini ya kampuni yenu kwa wakala wenu wa hapa mjini, nikatoa kitambulisho na kusajiliwa kwa jina langu kama kanuni za usajili wa laini zinavyotaka. Hakuna aliyeniambia kwamba nambari hiyo ilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Mwenyewe alikuwa nahodha wa mashua, mtu wa Langoni, na kwa wateja wake, kwa wanaomdai, kwa benki yake na hata kwa mkewe, nambari ile iliendelea kuwa yake.

Nawaandikia kwa sababu ushauri niliopewa na wahudumu wenu kwa simu, kwamba nizizuie nambari zinazonisumbua au ninunue laini nyingine, haukuligusa jambo lenyewe. Wanaonipigia hawana kosa lolote. Ni watu wazima wenye adabu wanaoipigia nambari waliyopewa na mwenyewe kwa mkono wake, na nikiwazuia leo, kesho watapiga wengine kutoka Matondoni na Shela ambao sijawasikia bado.

Nahodha huyo husafirisha mawe ya kujengea kutoka Maweni, kisiwani Manda, na mafundi wengi wa Lamu wanaijua nambari yake kwa moyo. Simu huanza mara tu baada ya sala ya alfajiri. Mpigaji hutoa salamu, huuliza hali ya bahari, kisha huulizia mawe yake. Akisikia sauti ya mwanamke husema, "Mwanangu, mpe baba simu." Nikijibu kwamba hapa hapana baba, huniuliza kwa upole atarudi saa ngapi, na nikieleza kwamba nambari imebadilika mwenyewe, hunihurumia, huniombea dua, na siku ya pili hupiga tena kuuliza kama baba amerudi. Haya yote hutukia katika laini ambayo wageni wetu wameandikiwa waipige wakishuka uwanja wa ndege wa Manda ili boti iwafuate. Mgeni mmoja alisimama gatini pale akiungua jua kwa sababu kila alipopiga alikuta laini inatumika. Fundi mmoja alikuwa akinibembeleza nimpunguzie bei ya mawe.

Siku nyingine kijana mwenye punda alinipigia kuuliza ayapeleke wapi mawe ambayo mteja wa nahodha alikuwa ameyaagiza zamani, na ambayo yalikuwa yameletwa na mashua nyingine. Nilimjibu kwamba mimi siye, kwamba mimi ni mtu wa mapokezi katika nyumba ya wageni huku Mkomani, nikaitaja na nyumba yenyewe ili aelewe kwamba nambari aliyoipiga si ya nahodha tena. Katika upepo wa gatini yeye alisikia mtaa na jina la nyumba, akashukuru, akakata simu. Kabla wageni hawajamaliza chai ya asubuhi, msafara wa punda ulikuwa umejipanga kichochoroni hadi kwenye kona, na mawe yanashushwa mbele ya mlango wetu. Ninyi mlioko Nairobi huenda hamvijui vichochoro vyetu: punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. Mume na mke, wazee waliokuwa wakiwahi ndege, walivushwa juu ya lile rundo kwa kushikwa mikono, masanduku yao yakipitishwa juu ya migongo ya punda. Wapishi walicheka, wageni walipiga picha, na mimi mwenyewe nilicheka siku zilipopita. Tajiri wangu hakucheka. Kijana wa punda alidai ujira wa kuyaleta mawe na ujira wa kuyaondoa, na madai yote mawili yalikuwa ya haki, kwa kuwa yeye alifanya kazi yake kwa uaminifu. Nililipa mimi.

Lililoniuma zaidi, hata hivyo, halikutokea kazini. Nahodha alikuwa amekwenda upande wa Kiunga msimu wa kaskazi kuvua, na kwa maelezo ya mkewe, mahali walipopiga kambi hapakuwa na mtandao. Laini yake ilikaa kimya, mkaifunga kwa mujibu wa masharti yenu, mkaniuzia mimi. Mkewe hakujua. Kila jioni alikuwa akiijaribu nambari ile na kuambiwa kwamba haipatikani, hadi usiku mmoja baada ya Isha ikaita. Alinisimulia baadaye kwamba aliposikia inaita alisema alhamdulillahi kwa sauti iliyowafanya watoto waje mbio. Kisha simu ikapokewa na mwanamke kijana aliyekuwa ameanza kusinzia, ambaye ni mimi.

Aliniuliza mimi ni nani na mume wake yuko wapi. Nilimwambia kwamba mume wake sinaye, naye akaona kwamba hilo ndilo jibu ambalo aliye naye angelitoa. Jina langu alilipata kwa urahisi: alianza kutuma pesa kwenye nambari ile, na huduma yenu ikamwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Baada ya hapo kazi ilikuwa ndogo, kwa maana Lamu si mji wa kumficha mtu. Kesho yake alasiri alikuwa ameketi kwenye daka la nyumba yetu pamoja na wifi yake, akimngoja mama yangu, na majirani wote wakapata shughuli ya kuwapitisha njia ile. Mama aliwakaribisha ndani, akawapa kahawa, nami nikamwonyesha yule dada ujumbe wa usajili wa laini na tarehe yake. Alipoelewa hasira zilimwisha, akaanza kulia, kwa sababu ikiwa mumewe hakuwa na mwanamke mwingine hapa mjini, basi hakujulikana alipo. Mpaka nahodha aliporudi salama, mwanamke huyo alilala na hofu ya bahari, nami nililala na sifa ya kuchukua mume wa mtu katika mtaa niliozaliwa. Sote wawili tulifikishwa hapo na ujumbe mmoja ambao kampuni yenu haikuuandika.

Posa yangu ililetwa baada ya hayo. Wazee wa upande wa mchumba wangu walikuwa wameketi ukumbini na ami yangu, na simu yangu ilikuwa imewekwa rafuni. Ilipoita, ami aliipokea kwa heshima akidhani ni jamaa aliyechelewa anayeulizia njia, na kwa kuwa hasikii vizuri, huwa anafungua spika. Ukumbi mzima ukamsikia mtu wa kampuni ya mikopo ya simu akitaja deni, riba yake na siku lilizochelewa, na kuonya kwamba lisipolipwa jamaa wote wa mdaiwa wataarifiwa. Ami, akitaka kuilinda heshima ya nyumba, alijibu kwamba jamaa wameshaarifiwa, wote wako hapa. Siku iliyofuata mshenga alirudi kuuliza, kwa adabu kubwa, binti anadaiwa kiasi gani, ili wenziwe wajue kama kiasi hicho kitahesabiwa pamoja na mahari. Mama yangu hakula siku ile.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwatisha na kuwaaibisha watu, na juu ya hilo nitawaandikia wakopeshaji wenyewe. Lakini wao wangejuaje kwamba nambari imepata mtu mwingine, ikiwa ninyi mlioihamisha hamkuwaambia? Hapo ndipo lalamiko langu linaposimama. Nahodha hakunijua mimi, wala mimi sikumjua yeye. Mafundi, benki, wakopeshaji na mkewe hawakuwa na njia ya kujua. Kampuni yenu peke yake ndiyo iliyotujua sote wawili, kwa majina na kwa vitambulisho, na ndiyo peke yake iliyoijua siku ambayo nambari ilitoka kwake ikaja kwangu. Ujuzi huo mlikuwa nao na mkakaa nao kimya.

Siyasemi haya kwa sababu ya kicheko na aibu tu. Hadi wiki iliyopita nimekuwa nikipokea ujumbe wa benki ya nahodha unaonyesha salio lake, na nambari za siri za kuthibitisha anapotaka kuingia kwenye akaunti zake. Nazifuta bila kuzitumia na kumpelekea habari kupitia mkewe, ambaye sasa ni mtu wetu wa karibu. Laini hii ingeweza kuangukia mikono isiyomcha Mungu, na akiba ya mtu anayeitafuta riziki yake baharini ingekuwa imekwisha. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kifungu cha 46 cha Katiba hiyo kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na alichokinunua. Mimi sikupewa hata neno moja.

Najua kwamba nambari si nyingi bila mwisho, na kwamba iliyoachwa haiwezi kufungiwa milele. Sipingi kuuzwa tena. Ninachokidai ni kwamba nambari isiuzwe kabla ya kutenganishwa na mtu wake wa kwanza. Naomba mwiarifu benki na kila kampuni ya mikopo inayotumia mtandao wenu kwamba nambari hii imebadilika mwenyewe, na mfanye hivyo kwa maandishi ambayo nitapewa nakala yake, ili niweze kumwonyesha mshenga. Naomba pia kwamba kwa muda wa kutosha kila anayeipiga asikie kwanza tangazo fupi la Kiswahili linalomweleza kwamba nambari imepata mtu mwingine, kwa sababu fundi aliyeko juu ya ukuta hasomi ujumbe, ila husikia. Nahodha naye apewe njia ya kuwatangazia wateja wake nambari yake mpya bila kulipishwa, kwa kuwa amepoteza biashara ambayo mimi sikuitaka wala siwezi kuifanya. Mawakala wenu wa hapa waagizwe kumwambia kila mnunuzi kama laini anayoinunua imewahi kutumika, kabla hajatoa kitambulisho chake. Ujira wa punda niliolipa naomba nirudishiwe. Risiti ya kijana huyo, aliyoiandika kwa mkono wake, nimeiambatisha.

Laini sitaibadilisha. Imo katika mkataba wangu wa kazi, katika akaunti yangu ya benki, katika mabango ya nyumba ya wageni yaliyokwisha kuchapishwa na katika simu ya mchumba wangu, ambaye hakuyumba hata siku moja katika mambo haya yote.

Nitangoja jibu lenu la maandishi kwa siku 30. Zikipita bila jibu, barua hii pamoja na viambatisho vyake itapelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Jina langu kamili, nambari inayohusika na ridhaa ya nahodha iliyotiwa saini vimo katika fomu ya malalamiko niliyoiambatisha.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu wa Mkomani, Lamu.