Tuuziwe vyombo vinavyotengenezeka

Ndugu Mhariri,

Karibu kila mteja anayeleta friji, feni au pasi kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huniambia jambo lilelile: vyombo vya zamani ndivyo vilikuwa vyombo. Zamani walikuwa wakisema wazee. Siku hizi husema hata vijana ambao friji yao ya kwanza ni ile waliyopewa kwenye harusi, na tayari imenyamaza. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze ninachokiona ninapovifungua vyombo hivi, kwa sababu malalamiko ni ya kweli, lakini sababu tunayoitaja kila siku siyo yenyewe.

Tunasema chuma cha zamani kilikuwa kizito na cha leo ni plastiki. Ni kweli kiasi fulani. Lakini friji za zamani ambazo bado zinagandisha maji mitaani kwetu hazikuishi miaka yote hiyo bila kuharibika. Ziliharibika sana! Relei, ile swichi ya kuiwasha mota, iliungua, thamostati inayopima baridi ikagoma, raba ya mlango ikakauka na kupasuka, gesi ikavuja. Kila zilipoharibika zilitengenezwa, na aliyezitengeneza hakuhitaji ruhusa ya mtu wala kompyuta. Alihitaji bisibisi, kipima umeme, mtungi wa kuchomelea na duka la vipuri. Nyingine zilikuwa na mchoro wa nyaya zake umebandikwa mgongoni, kama vile aliyeziunda alikuwa akimtarajia fundi.

Chukua friji ya leo uiweke pembeni ya ile. Ya zamani ina wavu mweusi wa mabomba nyuma, ule ambao kina mama waliutumia kuanikia matambara ya jikoni. Kupitia wavu ule joto la ndani ya friji hutoka nje. Bomba likitoboka unaliona, unalichomelea, unajaza gesi, mteja anaondoka. Friji nyingi za leo mgongo wake ni bapa na unapendeza. Mabomba yale yamefichwa ndani ya kuta, yamezungukwa na povu gumu la kuzuia joto, na mara nyingi ni ya chuma chembamba. Unyevu ukipenya, nasi huku pwani hewa yetu ni ya chumvi mwaka mzima, bomba linaota kutu mahali ambapo jicho halifiki. Siku linapovuja, fundi hana pa kulishika. Kuta haziwezi kubomolewa zikarudi kama zilivyokuwa. Kinachobaki ni kulikata bomba lile, kuliacha lizikwe humo, na kufunga wavu mpya wa nje mgongoni. Friji inapona, lakini mteja amelipia bomba ambalo lingezibwa kwa fimbo moja ya kuchomelea kama lingekuwa nje. Wengi wakisikia gharama huiacha, na mwisho wake ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Halafu kuna bodi, ile saketi ya kielektroniki inayoiongoza friji ya leo. Relei na thamostati za zamani ziliingiliana. Ya kampuni hii ingekubali friji ya kampuni ile, na maduka ya Kariakoo yalijaa. Bodi ya kielektroniki haikubali hivyo. Ni ya modeli moja, pengine ya mwaka mmoja, na umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo ndiyo ya kwanza kufa. Mteja anakwenda duka lilelile alikonunua friji. Wanamwambia bodi hawana, hawaijui, na hawajui anayeiuza. Risiti yake chini imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nimeona watu wazima wakitoka kwenye maduka ya namna hiyo na machozi ya hasira, kwa sababu friji ile ilikuwa mtaji: ndiyo iliyopozesha juisi, maji na barafu za kuuza.

Feni nazo zina yake. Mota ya feni ya zamani ilisukwa kwa waya wa shaba, na ikiungua fundi aliisuka upya. Leo nakuta waya wa alumini uliopakwa rangi ukafanana na shaba, na ukijaribu kuunga kwa risasi haushiki. Ndani ya waya hizo kumefichwa fyuzi ndogo ya joto. Fyuzi hiyo ni kitu kizuri, maana mota ikichemka inakata umeme kabla nyumba haijawaka. Lakini ikishakata haijirudishi, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kuileta feni kwangu. Kuifikia ni kazi ya kufunua mota nzima, na mota nyingi zimegongwa ribiti, misumari isiyofunguka, badala ya kufungwa skrubu. Kwa hiyo feni nzima yenye mota salama inatupwa kwa ajili ya kidude cha ukubwa wa punje ya mchele. Nawaomba mafundi wenzangu wanaoiruka fyuzi hiyo kwa kuunganisha waya moja kwa moja waache. Mnampa mteja feni inayozunguka na moto unaomsubiri usiku.

Mabirika ya umeme yaliyogundishwa kitako, na pasi zenye skrubu ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki, sitayaeleza. Kila fundi anayajua.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Redio za National na Philips zilizounganishwa Dar es Salaam na Arusha, na cherehani za Singer tunazorithishana, ni zile zilizosalia. Zilizokufa hatuzioni, ndiyo maana tunadhani zote zilikuwa za milele. Vitu hivyo pia vilikuwa vya wachache. Redio ilifunikwa kitambaa cha kufuma na mtoto hakuigusa bila idhini. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, redio ikiharibika hapakuwa na nyingine ya kununua hata kama fedha unazo, kwa hiyo ilitengenezwa tu, itake isitake. Leo mama lishe anaweza kumiliki friji. Hilo ni jambo kubwa na sitaki lirudi nyuma.

Wala simshauri mtu atafute friji ya mwaka 1975. Marekani, katikati ya miaka ya 1970, friji mpya ya kawaida ilikula karibu uniti 1,800 za umeme kwa mwaka. Ya leo ya familia inakula chini ya nusu ya hizo, na kila anayenunua umeme wa LUKU anajua maana yake. Friji zile zilitumia gesi ya R12, iliyokuwa ikiharibu tabaka la ozoni, na dunia ilikubaliana kuiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Friji nyingi mpya zina R600a, gesi isiyodhuru ozoni na inayojazwa kwa gramu chache tu. Hapo ni maendeleo ya kweli. Tatizo ni kwamba R600a inashika moto, na fundi asiyefundishwa huijaza friji hiyo R134a, gesi ya friji za aina nyingine, kwa kuwa ndiyo aliyo nayo. Kompresa yake, pampu inayosukuma gesi, haikuundwa kwa mzigo huo. Inachemka, inakufa, na mteja anaambiwa friji za siku hizi ni feki. Nyingine, jamani, tunaziua sisi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha kazi hii, na fundi aliyeko mtaani anastahili kupatiwa kozi fupi za jioni bila kuambiwa afunge banda lake mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba kudhani viwanda vinafupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi ni maneno ya vijiweni. Lakini limewahi kutokea, na limeandikwa. Mwaka 1924 huko Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwamo Osram na Philips, waliunda umoja uliojulikana kama Phoebus. Walikubaliana balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, wakati balbu za kabla ya hapo zilikuwa zikifika saa 1,500 hadi 2,000. Viwanda vilipeleka sampuli kupimwa, na kilichotengeneza balbu ya kudumu kupita kiasi kilitozwa faini. Wenyewe walijitetea kwamba balbu ya saa 1,000 inang'aa vizuri zaidi, na kitaalamu hoja hiyo ina uzito wake. Faini ndiyo inayonishinda kuitetea. Umoja ule ulisambaratika Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Sisemi kila kiwanda cha leo kina mkutano wa siri. Kushindania bei ya chini peke yake kunatosha: anayegongea ribiti anaokoa senti kadhaa kwa kila feni, na hakuna sheria inayomwuliza.

Ulaya sheria inamwuliza. Tangu Machi 2021, anayeuza friji katika nchi za Umoja wa Ulaya anatakiwa kuhakikisha vipuri kama thamostati, vihisio na bodi vinapatikana kwa miaka isiyopungua 7 baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na raba za milango miaka 10. Ufaransa iliufanya ufupishaji wa makusudi wa maisha ya bidhaa kuwa kosa la jinai mwaka 2015, na mwaka 2021 mashine za kufulia na televisheni zilianza kuuzwa huko zikiwa na alama inayoonyesha urahisi wa kutengenezeka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya haki ya kutengeneza. Viwanda vingi vinavyotuuzia sisi vinawauzia na wao, kwa hiyo tusiambiwe kwamba Mchina hawezi. Anaweza pale anapodaiwa.

Huku kwetu si kwamba hatuna pa kuanzia. Kenya imeandika katika Katiba yake, ibara ya 46, kwamba mlaji ana haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na tangu 2016 ina kanuni za kibandiko cha nyota kinachoonyesha friji inakula umeme kiasi gani. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayoipa Tume ya Ushindani, FCC, kazi ya kumlinda mlaji. Tuna Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2012 lina utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko zitokako kabla hazijapakiwa melini. Mkaguzi huyo anaangalia kama friji ni salama. Namwomba atazame na jambo la pili: ikiharibika, itafunguliwaje?

Kwa maana hiyo naiomba TBS, katika viwango vyake vya friji, feni na mashine za kufulia, iweke sharti kwamba mota ifungwe kwa skrubu, fyuzi ya joto iwekwe mahali inapofikika, na mchoro wa nyaya uje pamoja na chombo, kwa Kiswahili. Naiomba FCC imtake kila mwagizaji aandike kwenye boksi na kwenye risiti jina la duka lililoko Tanzania linalouza bodi, raba na relei za modeli hiyo, na kwa miaka mingapi. Asiye na duka hilo aandike wazi kwamba hana. Mnunuzi atajua anachokilipia, na muuzaji mwaminifu anayeweka vipuri stoo ataacha kushindwa bei na yule anayeshusha kontena na kutoweka.

Wakati tunasubiri hayo, msomaji, ukienda kununua friji uizungushe kwanza utazame mgongo wake. Kisha mwulize muuzaji bodi ya modeli hii inauzwa wapi na kwa bei gani, na asipokuwa na jibu usitoe hela.

Wako,
Fundi majokofu,
Ngamiani, Tanga.