Shoga, kabla hujapanda ndege ya Dubai

Ilala, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salaam nyingi, na za nyumbani kwako Tanga natumaini ni njema. Ile meseji yako ya sauti nimeisikiliza yote. Ukiondoa habari za harusi, ulichouliza ni kimoja: ukienda Dubai kuchukua mzigo wa Iddi, ubebe dola mkononi au utegemee kadi ya benki? Ningekupigia, lakini mambo haya ya hela ukiyasikia kwa simu unashika nusu, kwa hiyo nimeona nikuandikie uwe unarudia kusoma.

Beba vyote viwili. Kwa Dubai dola taslimu bado ina heshima yake, kwa sababu dirhamu, hela ya kule, imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725, haipandi wala haishuki. Ndiyo maana maduka ya kuchenji ya Deira, ule upande wa masoko ya zamani, yanapishana kidogo sana, na ukichenji pale huumii. Lakini mtaji mzima kuuzungusha kiunoni kuanzia uwanja wa ndege mpaka sokoni Naif ni kujitafutia presha tu. Halafu hizo dola zenyewe si kitu cha kuamka asubuhi ukakikuta. Unakumbuka 2023 na 2024 tulivyozunguka bureau hadi bureau tunaambiwa hakuna. Na ukizidisha dola 10,000 taslimu, huku unatakiwa uzitangaze forodhani. Kule nako wanataka tamko ukizidi dirhamu 60,000.

Sasa kadi. Kwanza jua kadi yako imeshika akaunti gani. Ikiwa ya shilingi, kila ukitoa hela kule shilingi zinageuzwa, na kwenye kugeuza huko benki inachukua chake bila kukuaga. Mimi natumia ya akaunti ya dola, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuikagua benki yako mwenyewe. Ukitoa dirhamu 1,000, kwa hesabu ya ile bei iliyofungwa ni dola 272 na senti 29. Angalia meseji ya benki. Ikisema 281, basi karibu dola 9 zimeliwa njiani, na unajua wa kumuuliza. Kwa shilingi ujanja huo huupati kirahisi, maana bei ya shilingi inacheza kila siku.

Nenda tawini wiki moja kabla ya safari, usiishie kupiga simu huduma kwa wateja. Mhudumu atakwambia "inafanya kazi popote, dada". Usiondoke na jibu hilo. Muulize kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi au bado, kwa siku unaruhusiwa kutoa kiasi gani ukiwa nje, na kila ukitoa makato yake ni kiasi gani: yale ya moja kwa moja na ile asilimia. Kile kiwango cha siku ndicho kinachowakwamisha wengi. Mtu ana milioni zake kwenye akaunti, anafika kule mashine inamkatalia, anadhani kadi imeharibika, kumbe ameshafika ukomo wa siku. Na laini yako ya hapa usiizime, iwashe ipokee meseji ukiwa kule. Kwenye mashine utaweka namba ya siri tu na itatosha, lakini ukitaka kulipia kitu mtandaoni, ile namba ya kuthibitisha inakuja kwenye laini hiyohiyo.

Hapa ndipo nakuomba usome taratibu. Umefika kwenye ATM, umechomeka kadi, umeweka namba ya siri, umeomba dirhamu 2,000. Kabla hela haijatoka, kioo kinakuuliza swali la kistaarabu kabisa: ungependa ukatwe kwa pesa ya kwenu au kwa dirhamu? Kinakuonyesha na hesabu tayari, shilingi milioni moja na kitu, na unaiona pesa unayoielewa. Moyo unatulia. Usitulie! Hiyo bei ya kugeuza imepangwa na wenye mashine na washirika wao, nao hawakuiweka pale kwa sadaka. Wameshaongeza faida yao ndani. Chagua dirhamu. Ukichagua dirhamu, wanaogeuza ni Visa au Mastercard kwa bei yao, kisha benki yako inaongeza yake, na hata ukijumlisha, mara nyingi unatoka nafuu. Tena mashine nyingine ukikataa inakuuliza mara ya pili kwa maneno ya kutisha, kwamba unakataa bei iliyothibitishwa, una uhakika? Una uhakika, shoga. Bonyeza kukataa, hela itatoka vilevile. Kuchagua ni haki yako, kanuni za mitandao hiyo ya kadi zinasema mteja lazima aulizwe.

Swali hilohilo utakutana nalo dukani na hotelini kwenye kile kimashine cha kuchanjia kadi. Huko ndiko kwenye hatari zaidi, kwa sababu muuzaji anaweza kukubonyezea mwenyewe huku anakuchekea. Usimwachie kimashine. Soma risiti kabla ya kusaini. Ukiona imeandikwa shilingi badala ya dirhamu, mwambie afute aanze upya. Haoni aibu yeye, kwa nini uone wewe?

Baadhi ya ATM zina ada yao wenyewe kwa kadi za kigeni, nayo huionyesha kwenye kioo kabla hujakubali. Ikikuudhi, toa kadi yako uende mashine ya jirani. Na kwa sababu makato ya benki yako yanahesabiwa kila unapotoa, kutoa mia mbili mia mbili kutwa nzima ni kuwatajirisha. Toa nyingi kwa mkupuo, weka kwenye sefu ya chumba, tembea na za siku hiyo. Ila noti za 500 zivunje mapema kwenye supamaketi, maana kuvuka Khor, ule mkono wa bahari unaokata mji, kwa abra, zile mashua za abiria, ni dirhamu 1, na yule mzee wa mashua ukimpa 500 atakuangalia mpaka ng'ambo.

Hotelini watataka kadi kwa ajili ya dhamana. Hapo kuwa macho. Hawaikati ile hela, wanaishikilia, lakini kwa kadi yetu hii ya kawaida iliyounganishwa na akaunti, hela iliyoshikiliwa huwezi kuitoa wala kununulia kitu. Na hata ukiondoka inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Mimi dhamana naweka taslimu na naomba risiti. Pia kuna ile Tourism Dirham, dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli. Usije ukadhani wanakuibia.

Ikitokea mashine imehesabu hela kwa kelele zote na isitoe kitu, huku simu imeshalia kwamba umekatwa, usigombane na mlinzi pale. Yaliwahi kunikuta. Chukua risiti ikitoka, kama haikutoka piga picha mashine na namba iliyobandikwa juu yake, andika saa, kisha wasiliana na benki yako ya huku, si wenye mashine. Benki iliyokupa kadi ndiyo inayofungua dai na kuwafuata wale. Yangu ilirudi, ila nilisubiri hadi nikaanza kuisahau. Kwa hiyo kadi iwe mbili, za benki tofauti, na zisilale pochi moja.

Mzigo wa jumla lipa taslimu. Pale Naif na Murshid Bazaar wengi ukitoa kadi bei inabadilika usoni kwako, na ukisema "taslimu" kikokotoo kinatolewa upya. Kadi iachie teksi, chakula na dharura.

Dirhamu zitakazobaki zichenji hukohuko Deira kabla hujaelekea uwanja wa ndege, lakini bakiza mia moja na hamsini, kwa sababu nina ombi. Kuna bukhuri ya vipande vidogo, ile isiyo na sukari nyingi, kwenye maduka ya Al Ras karibu na wauza viungo. Nusu kilo inanitosha. Ukifika nitumie picha kabla hujalipa nikwambie kama ndiyo yenyewe.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako wa Ilala