Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Mifugo, Kaunti ya Mombasa: Tuandikiwe kilichomo guniani

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Mimi ni mfugaji wa kuku wa nyama, huu mwaka wa saba, na nakuandikia kwa sababu ya gunia la chakula.

Masika iliyopita kuku wangu 400 walikuwa na siku 24 walipoanza kukoroma. Anayefuga anaujua mlio huo: unasimama mlangoni mwa banda usiku, unasikia vifua vinakwaruza gizani. Asubuhi nikaenda duka la dawa za mifugo, nikauziwa tiamulini, nikaitia kwenye maji kama nilivyoelekezwa. Ni dawa halali, na mafua sugu ya kuku, yale ya bakteria wa Mycoplasma, inayatibu. Siku ya tatu nikawakuta wamelala kifudifudi, miguu imenyooka nyuma, macho mazima yananitazama. Nilimwinua mmoja nikamsimamisha, akaanguka ubavu. Nikadhani ugonjwa wa kideri umeingia.

Daktari wa mifugo alipofika, kabla hajamshika hata kuku mmoja aliniuliza, "Chakula chako kina salinomisini?" Tukaligeuza gunia pande zote. Protini imeandikwa, nyuzinyuzi, kalsiamu, uzito kilo 50. Salinomisini hakuna. Akampigia simu mtengenezaji, akajibiwa kuwa imo. Nilizika kuku 131.

Salinomisini na ndugu zake, monensini na narasini, huchanganywa kwenye chakula ili kuzuia koksidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Huingiza sodiamu ndani ya Eimeria, kijidudu kinachouleta, mpaka kivimbe kife. Kuku mwenyewe huistahimili kwa sababu kipimo ni kidogo mno: cha salinomisini ni kama gramu 60 katika tani nzima. Tiamulini huzuia ini la kuku kuivunja dawa hiyo, ikajaa mwilini, na kipimo kilichokuwa salama kikageuka sumu ya misuli. Dawa zote mbili zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi.

Sikuombi uzipige marufuku salinomisini na ndugu zake, tafadhali. Sisi wa Pwani tunazihitaji kuliko wengi. Mayai ya Eimeria yakitoka na kinyesi yanataka joto, unyevu na hewa tu, na baada ya siku mbili hivi huwa tayari kuambukiza. Mwezi wa tano maranda ya bandani kwangu ukiyafumbata yanabaki donge kiganjani. Dawa za kawaida za kusafishia haziyaui hayo mayai. Na utumbo ukishachubuliwa na koksidiosi, bakteria aitwaye Clostridium perfringens hupata pa kuingilia, ukuta wa utumbo ukaoza kuku akiwa hai; nimeshawapasua kadhaa na harufu yake siisahau. Hata Umoja wa Ulaya, ulipokataza antibayotiki za kukuzia mifugo tarehe 1 Januari 2006, dawa hizi za kuzuia koksidiosi uliziacha zitumike. Bakteria wazuri na mafuta ya mimea tunayouziwa siku hizi vinasaidia, lakini masika siwezi kuvitegemea peke yake.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Mitaani kwetu punda bado wanavuta mikokoteni, na chakula cha kuku kikibaki, wapo wanaowamwagia. Monensini ambayo kuku anaila bila shida humuua punda kwa kugusa moyo wake. Salinomisini nayo ni sumu kwa bata mzinga. Mwenye punda atajuaje, ikiwa mimi niliyelinunua gunia sikujua?

Mheshimiwa, Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo. Viwango vya chakula cha mifugo vinawekwa kitaifa, nalifahamu hilo, lakini sauti ya kaunti huko ina uzito kuliko yangu. Naomba uitumie kudai kila gunia linalouzwa Mombasa liandikwe kwa Kiswahili: jina la dawa iliyomo, kipimo chake, siku za kuiacha kabla ya kuchinja, wanyama wasiolishwa, na onyo la tiamulini. Hilo la siku za kuchinja linamhusu kila anayekula kuku mjini hapa, hata kama hajawahi kufuga.

Wakati hayo yakisubiriwa, maafisa wako wa nyanjani wanaweza kuanza kesho. Wawafundishe wauzaji wa dawa swali lile moja la daktari, waliulize kabla ya kumpa mtu tiamulini. Halihitaji bajeti.

Gunia lenyewe nimelihifadhi, limekunjwa juu ya kabati. Ukinipangia siku, nitalileta ofisini kwako ulisome mwenyewe pande zote mbili.

Wako kwa heshima,
Mfugaji wa kuku wa nyama, Kisauni