Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mashine za kutuliza sauti zisipewe kibali bila mwongozo

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu mashine za kuchangamsha ubongo, za sumaku na za umeme hafifu, zinazonadiwa kuwa tiba ya sauti wanazosikia wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Hatupingi mashine. Tunaomba kibali chake kiambatane na mwongozo unaotaja mahali kichwani, nguvu, aina ya mgonjwa, na dawa zilizopaswa kujaribiwa kwanza.

Tunaanza na dawa kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Takriban theluthi moja hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa za kawaida. Mtu akishatumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na kwa wiki 6 au zaidi, na sauti bado zinamtesa, inayostahili kufuata ni klozapini. Dawa hii huweza kushusha seli nyeupe za damu kwa hatari, ndiyo maana utaratibu uliozoeleka ni kupima damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Hospitali isiyo na kipimo hicho haijawa tayari kwa mashine ya sumaku. Fedha ziende maabara kwanza.

Sasa sumaku yenyewe. Mwaka 2000 Ralph Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya wagonjwa 12 ambao kwa jumla walipata nafuu baada ya mpigo mmoja wa sumaku kwa sekunde kuelekezwa sehemu ya kushoto ya ubongo, juu na nyuma ya sikio, inayoshughulika na maneno tunayoyasikia. Tafiti za baadaye zimegongana: nyingine zimeona nafuu, nyingine hazikuona tofauti na mashine bandia, yaani ya kuigiza isiyotoa mpigo halisi. Kibali cha Marekani cha mwaka 2008 kwa mashine ya sumaku kilikuwa cha sonona, si cha sauti. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu mpango wa kawaida wa sonona huweka koili, waya uliozungushwa unaotoa mapigo ya sumaku, mbele ya kichwa na kupiga mara 10 kwa sekunde. Mapigo ya kasi huelekea kuamsha ubongo, ya polepole huelekea kuutuliza. Fundi anayebonyeza mpango uliokuja na mashine atakuwa amekosea mahali na kasi kwa pamoja.

Mpango uliochunguzwa zaidi kwa sauti ni huu: mpigo 1 kwa sekunde, dakika 20, yaani mipigo 1,200, kwa asilimia 90 ya kizingiti cha mgonjwa mwenyewe. Kizingiti hutafutwa kwa kupiga eneo la kushoto linaloongoza mkono na kutazama kidole gumba cha kulia, hadi ipatikane nguvu ndogo kabisa inayokitikisa mara 5 kati ya 10. Si namba ya kunakili kutoka faili la mgonjwa wa jana. Dozi ya dawa ikibadilika, au mgonjwa akikosa usingizi, kipimwe upya. Klozapini hurahisisha degedege, hivyo chumba kiwe na diazepamu, dawa ya kusimamisha degedege, na mtu anayejua kuitumia. Mwenye chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au betri ya moyo asikalishwe hapo mpaka daktari amechunguza. Vizibo vya masikio ni lazima, na mlio wa koili uelezwe mapema: mtu anayesikia sauti anastahili kujua ni ipi inayotoka kwenye mashine.

Umeme hafifu ni wa bei nafuu, na urahisi wa kifaa chake ndio unaotutia hofu. Utafiti wa Jerome Brunelin na wenzake wa Ufaransa, mwaka 2012, ulitumia miliampia 2 kwa dakika 20, mara mbili kwa siku, siku 5. Elektrodi hasi, yaani kibao cha kupitishia umeme, iliwekwa juu na nyuma ya sikio la kushoto, chanya mbele upande huohuo. Si tafiti zote zilizofuata zilizorudia matokeo yale. Kosa la kwanza ni kubadilishana nyaya, kwani ncha hasi na chanya hazifanyi kazi moja. La pili ni sponji ya maji ya chumvi inayokaa kati ya elektrodi na ngozi. Ikikauka ukingoni, umeme wote hupenya kwenye kijisehemu kidogo cha ngozi na kuacha kidonda cha moto. Ikilowa kupita kiasi, maji ya chumvi hutiririka kwenye nywele na kuutawanya umeme. Ibanwe mpaka isidondoke, ikaguliwe katikati ya kipindi, na mgonjwa akisema panachoma, mashine izimwe taratibu.

Mwongozo udai pia sauti zipimwe kabla, mwishoni na mwezi mmoja baadaye: zinakuja mara ngapi, kwa muda gani, zinamtia dhiki kiasi gani. Bila hivyo, matumaini ya mgonjwa na ya muuzaji yatahesabiwa kuwa nafuu. Na sauti zinazoamuru mtu ajiue ni dharura ya siku hiyohiyo. Asiwekwe kwenye foleni ya sumaku.

Tunaomba mwongozo huo uandikwe na madaktari wa akili, wauguzi, mafundi wa vifaa tiba na watu wanaosikia sauti wenyewe, utangazwe kabla mashine ya kwanza haijafunguliwa boksi.

Wako,
Wahudumu wa afya ya akili